Kuvua besi ziwani baridi inapoingia: mwongozo wa marafiki wawili au watatu

Majani yameshapukutika karibu yote, ukungu unakaa juu ya maji hadi katikati ya asubuhi, na wavuvi wengi wameshaingiza mashua zao bandani. Kwangu huu ndio wakati mtamu kuliko wote wa kuvua besi. Msimu wa joto samaki hawa hutawanyika ziwa zima. Sasa wamejikusanya mahali pachache, wameshiba, wamenenepa, na hawahami ovyo. Ukilipata kundi moja unaweza kuvua mahali hapo hapo hadi mikono ichoke. Usipolipata, utarusha mshipi kutwa nzima usiguswe hata mara moja.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda na marafiki: watu watatu wanaotafuta kwa mpango hulipata kundi mapema kuliko mmoja. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Maji ya wakati huu huua, na anayeweza kukuvuta kutoka majini ni yule mliyepanda naye mashua moja.

Besi ninaowazungumzia ni wawili, wote wa maji yasiyo na chumvi, asili yao Amerika Kaskazini, ingawa leo wamepandikizwa katika mabara mengi. Wa kwanza ni besi wa kinywa kikubwa, ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Wa pili ni besi wa kinywa kidogo, taya lake huishia chini ya jicho, na anapenda mawe na maji yaliyo safi. Ukitaka kuvunja rekodi, huu si msimu wenyewe: besi wa kinywa kikubwa wawili wanaoshikilia rekodi ya dunia, wa George Perry kule Georgia, Marekani, mwaka 1932 na wa Manabu Kurita katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kila mmoja zaidi kidogo ya kilo 10, walivuliwa Juni na Julai. Ila ukitaka samaki mnene aliyejaa mkononi, siku ambayo ziwa zima ni lenu peke yenu, endelea kusoma.

Hatua ya 1: Fuata joto la maji, achana na kalenda

Kabla hujafikiria chambo kipya, hakikisheni mna kipimajoto cha maji. Besi hana joto lake mwenyewe. Mwili wake huwa na joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, mmeng'enyo wa chakula hupungua kasi, misuli huwa mizito, na mlo mmoja humkaa tumboni muda mrefu. Kwa hiyo namba inayosomeka kwenye kipimajoto ndiyo itakayokuambia uvue vipi.

Maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 10 za Selsiasi, besi bado anakimbiza vidagaa, mara nyingine hadi kwenye kina kifupi. Hapo unaweza kuvua kwa kasi ya kawaida. Yakishuka kati ya 10 na 7, samaki husogea kwenye miteremko mikali na kuanza kukaa kwa makundi. Hiki ndicho kipindi ambacho mwongozo huu unakilenga. Chini ya 5 bado inawezekana, lakini besi anakula kidogo mno, na unatakiwa umpitishie chambo karibu na pua.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, nalo ni ziwa kujigeuza. Msimu wa joto, ziwa lenye kina hugawanyika: maji ya moto juu, ya baridi chini, na katikati tabaka ambapo joto huporomoka ghafla. Maji ya chini hukaa miezi bila kukutana na hewa, na oksijeni yake hupungua hata samaki wasiweze kukaa humo. Baridi ikianza, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, upepo nao unayakoroga, hadi siku moja ziwa lote linakuwa na joto moja juu hadi chini. Siku za mgeuko wenyewe uvuvi huwa mbaya kupita maelezo. Maji hupata rangi ya udongo, vipande vya majani yaliyooza huelea, na wakati mwingine utasikia harufu kama ya tope la mtaro. Ukiona hivyo, msipoteze siku. Sisi tuliwahi kupoteza siku nzima namna hiyo, tukibadilisha chambo baada ya chambo kana kwamba kosa lilikuwa la chambo. Nendeni ziwa jingine, au sogeeni kwenye sehemu yenye kina kifupi au mdomo wa mto, maana mgeuko haufanyiki kila mahali kwa siku moja.

Mgeuko ukishapita, mambo hubadilika kwa faida yenu. Oksijeni sasa imefika hadi chini, na besi anaweza kukaa kina chochote apendacho. Maji yana tabia nyingine ya ajabu: huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda juu, ndiyo maana barafu huanzia juu na samaki hubaki hai chini yake. Kilindi basi hugeuka kuwa kimbilio, na besi anaanza kukitafuta mapema, kabla barafu haijaonekana.

Hatua ya 2: Wekeni makubaliano kabla ya kugusa mashua

Sehemu hii naomba usiiruke hata kama umevua miaka ishirini.

Maji huvuta joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi hiyo hiyo. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye ametafiti kwa miaka mingi jinsi mwili unavyopambana na baridi, anafundisha hesabu rahisi kukumbuka: dakika 1, dakika 10, saa 1. Ukitumbukia kwenye maji ya baridi kali, una kama dakika 1 ya kuituliza pumzi, kwa sababu mwili utashtuka na kuhema bila hiari yako; ukihema kichwa kikiwa chini ya maji, umekunywa maji. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo una kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Tazama vizuri: wengi hawafi kwa kupoa. Wanazama katika dakika zile za mwanzo kwa sababu hawakuvaa kitu cha kuwaelesha.

Makubaliano yetu basi ni haya. Jaketi la kujiokolea linavaliwa na kufungwa nchi kavu, linavuliwa nchi kavu. Halikaliwi kama mto. Kamba ya kuzimia injini inafungwa mwilini mwa anayeendesha kila injini inapowaka. Hakuna pombe hadi mashua iwe imefungwa, maana pombe hutanua mishipa ya damu ya ngozini na kulitoa nje joto unalolihitaji. Hakuna anayesimama ukingoni kukojoa; kuna chupa kwa kazi hiyo, na kati ya marafiki hakuna aibu. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani anaambiwa ni ziwa gani, tumeingilia upande gani na tutarudi saa ngapi, na anajua afanye nini saa hiyo ikipita.

Jaribuni pia kupanda mashua kutoka majini siku za joto, mkiwa na nguo zenu. Mtashangaa jinsi ilivyo vigumu. Ngazi ndogo ya tezi, yaani nyuma ya mashua, au hata kamba nene yenye kitanzi cha kukanyagia, ndiyo inayotenganisha aliyerudi na asiyerudi. Mwenzenu akianguka, zimeni injini, mrushieni kamba, msimrukie. Akishindwa kupanda na ashike mashua atulie. Mkiwa wawili majini, kumbatianeni vifua vikigusana; aliye peke yake akunje magoti kifuani na kubana mikono mbavuni.

Akishatolewa, mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mpasheni joto kifuani na kwenye kiwiliwili. Msimsugue mikono wala miguu, na msimlazimishe kutembea. Kinywaji cha moto chenye sukari apewe ikiwa tu ana fahamu kamili na anameza vizuri. Akianza kuropoka au akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hiyo ni dharura: piga simu ya uokoaji, usisubiri.

Mfuko usioingiza maji wenye nguo kavu za mtu mmoja, tochi, filimbi, kiberiti na simu unakaa ndani ya mashua safari zote. Kama mashua yenu ina kibanda au mnaifunika kwa turubai, msiwashe jiko la gesi humo ndani. Moshi wake usioonekana wala kunuka humlaza mtu asiamke.

Kuhusu mavazi, neno moja: pamba ikilowa, inakuwa adui. Ndani vaa sufu au kitambaa cha kutolea jasho, katikati kitu kinene cha kutunza joto, nje kitu kisichopitisha upepo wala maji. Viatu visibane, kwani mguu uliobanwa hupata baridi haraka. Chukua glovu jozi mbili, maana jozi moja italowa kwa samaki wa kwanza.

Hatua ya 3: Chagueni mahali pa kuvua mkiwa bado nyumbani

Fungueni ramani ya kina cha ziwa jioni ya kuamkia safari, mtafute mistari ya kina inayobanana. Palipobanana ni mteremko mkali, na mteremko mkali ndio nyumba ya besi wa msimu huu. Anaweza kupanda mita tatu kula na kushuka mita tatu kupumzika bila kuogelea mbali. Samaki asiyetaka kutumia nguvu huchagua mahali pasipomgharimu.

Wekeni alama kwenye rasi zinazoingia majini hadi kilindini, kona za nje za mfereji wa mto wa zamani kama ziwa ni la bwawa, vilima vilivyofichwa chini ya maji, na kuta za mawe. Besi wa kinywa kidogo mtafute palipo na kokoto na miamba, mara nyingi mita 6 hadi 9. Wa kinywa kikubwa huwa juu kidogo, na hupenda majani ya majini ambayo bado ni ya kijani.

Ukijani huo ni muhimu sana. Magugu yaliyokufa na kuwa ya kahawia hula oksijeni yanapooza, nao samaki huyakimbia. Yale machache yaliyobaki mabichi huwa kama kisiwa: vidagaa hujificha humo, na besi hukaa ukingoni akiwasubiri. Chambo chako kikirudi na kipande cha jani bichi lenye kunukia vizuri, msiondoke upesi.

Kigezo kingine ni vidagaa wenyewe. Kama mna sona, yaani kifaa kinachoonyesha kwenye kioo samaki na kina kwa kutumia sauti, pitisheni mashua polepole mahali palipoteuliwa kabla ya kurusha chochote. Mkiona wingu la vidagaa likiwa karibu na mteremko, na mistari michache minene chini yake, mmefika. Rasi nzuri isiyo na vidagaa ni mandhari tu. Msiikawie.

Na jua lina maana kuliko mnavyodhani. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ukingo wa kaskazini wa ziwa ndio unaopigwa na jua la chini la msimu huu kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi umekingwa na upepo wa kaskazini. Nyuzi moja ya ziada pale kwenye mawe meusi inaweza kumwamsha samaki aliyelala.

Hatua ya 4: Punguzeni vifaa

Sanduku kubwa la chambo liacheni. Vidole vyenye ganzi havichagui vizuri. Mimi nabeba fimbo mbili zilizofungwa tayari na aina nne za chambo.

Fimbo iwe nyepesi kiasi, ya mita 2 hivi, yenye ncha laini ya kuhisi. Mshipi uwe florokaboni ya kubeba kilo 3 hadi 4.5. Florokaboni huzama, hauonekani kwa urahisi majini, na haunyonyi maji. Mshipi wa kusokotwa ni mzuri kwa kuhisi, lakini hubeba maji na maji hayo huganda kwenye pete za fimbo. Pete zikiziba barafu, chovya fimbo ziwani sekunde chache, barafu itayeyuka. Usiigonge wala kuikwangua kwa kisu.

Chambo cha kwanza ni jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi. Kwa besi wa kinywa kidogo tumia iliyofungwa manyoya, gramu 3.5 hadi 7. Kwa wa kinywa kikubwa gramu 10 hadi 14 yenye mkia wa mpira, rangi ya kahawia au kijani kibichi kama kamba wa majini. Cha pili ni kibati cha chuma cha gramu 7 hadi 14, kinachotetemeka kikivutwa juu. Cha tatu ni samaki bandia wa kusimama, aliyetengenezwa asielee wala asizame, abaki alipo unapoacha kuvuta. Cha nne ni mtindo wa chubwi chini: chubwi, yaani kizito cha kuzamishia mshipi, inafungwa mwisho wa mshipi, na ndoana yenye mdudu mdogo wa mpira inafungwa kama sentimita 30 juu yake, ili chambo kibaki machoni pa samaki bila kugusa tope.

Ukibakiwa na nafasi, ongeza kijiko cha chuma cha gramu 14 hadi 21 kwa ajili ya kundi lililo moja kwa moja chini ya mashua. Noa ndoana zote. Besi wa baridi hafungi kinywa kwa nguvu, na ndoana butu itateleza.

Hatua ya 5: Gawaneni kazi ndani ya mashua

Hakuna haja ya kuamka alfajiri. Maji hupata joto lake la juu mchana, kwa hiyo kuingia saa nne asubuhi na kutoka saa kumi jioni kunatosha, na usalama wenu unaongezeka kwa sababu kuna mwanga.

Aliye omo, yaani mbele ya mashua, anaongoza mashua kwa mota ya umeme na anarusha mbele. Aliye tezi anarusha nyuma na pembeni. Wa tatu, kama mashua inaruhusu uzito wake, anakaa katikati akivua wima chini ya mashua, akisoma sona na akiwa tayari na wavu. Kila baada ya saa moja mnabadilishana, kwa sababu aliye omo hupata maji mapya na si haki akae hapo siku nzima. Kabla ya kurusha, tazama nyuma. Ndoana ya meno matatu kwenye shavu la rafiki, kilomita kadhaa kutoka barabarani, huharibu siku ya wote.

Mwanzoni kila mtu atumie chambo tofauti na kina tofauti. Mmoja avue mita 3, mwingine 5, mwingine 8. Akiguswa mtu, aseme kwa sauti: chambo gani, kina gani, kilikuwa kinakwenda au kimesimama, chini kuna nini. Taarifa hizo nne ni za wote. Nimewahi kupanda mashua na watu wanaoficha wanachotumia hata kwa wenzao wa mashua moja, na sikurudi nao tena. Msimu ambao mnaguswa mara sita kwa siku, kuficha mguso mmoja ni kuwanyima wenzio sehemu kubwa ya siku yao.

Mguso wa kwanza ukitokea, tupeni boya dogo la alama mita chache kando, si juu ya samaki. Kisha wawili wabadilishe chambo wafuate kilichofanya kazi, wa tatu aendelee na cha kwake. Nusu saa bila jibu, hameni. Lakini mkishapata samaki wawili mahali pamoja, tulieni hapo, maana hakika wapo wengine.

Hatua ya 6: Punguza kasi, kisha ipunguze tena

Kama nitakufundisha jambo moja tu, ni hili. Karibu kila mtu ninayemwona akishindwa msimu huu anavuta chambo haraka kuliko samaki anavyoweza kukifuata.

Jigi: irushe kuelekea kina kifupi, iache izame mshipi ukiwa umenyooka kidogo, uhesabu sekunde hadi ifike chini. Hesabu hiyo ikumbuke, kwani ikikatika mapema mara nyingine, aidha kina kimebadilika au samaki ameidaka njiani. Ikifika chini, iache. Hesabu hadi kumi. Iburute kwa fimbo kiasi cha kiganja kimoja, iache tena. Usiirushe-rushe. Kamba wa majini wenyewe kwenye baridi hii hutambaa kwa shida. Chambo kinachoruka kitamwonekea besi si kiumbe wa msimu.

Samaki wa kusimama: mvute mara mbili kwa mikwaju mifupi, kisha mwache. Maji yakiwa nyuzi 10, sekunde tano za kusimama zinatosha. Yakiwa 7, hesabu kumi na tano. Yakiwa 5, hata thelathini. Utajisikia mjinga kushika fimbo bila kufanya kitu, na hamu ya kuvuta itakuwasha vidole. Vumilia. Besi husogea, hukitazama kitu kile kilichoning'inia mbele yake, huzunguka, na anakila kikiwa kimetulia kabisa. Mguso wenyewe karibu daima huja wakati wa kusimama.

Kibati: kiteremshe hadi chini, kiinue hadi kitetemeke mkononi, sentimita 20 au 30 tu, kisha kifuatishe kwa fimbo kikishuka. Besi hukidaka kikishuka. Ukiuacha mshipi ulegee kabisa hutajua. Ukiukaza mno kibati hakitaanguka kama kitu kinachokufa. Mahali sahihi ni katikati ya hayo, na mkono wako utalijua baada ya saa moja ya kufanya.

Kwa mtindo wa chubwi chini, usitikise chochote. Mawimbi yanayoitikisa mashua yanatosha.

Upepo ukivuma kuelekea rasi mnayovua, ni vizuri, mradi haujawa wa hatari: vidagaa husukumwa huko. Siku mbili za hali ya hewa isiyobadilika ni bora kuliko siku yenye jua kali baada ya baridi mpya kupiga. Siku kama hiyo, anga likiwa samawati tupu, samaki hujibana chini, nawe shuka naye kina na tumia chambo kidogo zaidi.

Hatua ya 7: Mtambue anapodona

Msahau yule besi wa msimu wa joto anayenyakua fimbo. Huyu wa sasa huja kama uzito. Unainua fimbo na kuhisi kitu kizito, kama jani lililolowa, au mshipi unasogea pembeni taratibu, au ule uzito wa jigi unapotea tu. Chochote kisicho cha kawaida, vuta. Usivute kwa kishindo. Inua fimbo kwa nguvu ya wastani huku ukizungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi), ndoana kali itafanya kazi iliyobaki.

Breki ya rili ilegeze kidogo kuliko kawaida. Besi wa kinywa kidogo atapiga mbio kuelekea chini mara tatu au nne, na mshipi mwembamba kwenye baridi hukatika kwenye fundo. Loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza, na ulifunge upya baada ya kila samaki mkubwa. Mwenzako aweke wavu majini mapema, utulie, nawe umwongoze samaki juu yake.

Hatua ya 8: Mrudishe akiwa hai

Samaki hawa wamejikusanya, na kwenye baridi hawakui haraka. Kundi moja linaweza kumalizwa na mashua mbili kwa wiki moja, na rasi ile ikabaki tupu miaka. Angalieni kwanza sheria za ziwa lenu: kuna maeneo ambako msimu wa besi huwa umefungwa, au kuna kikomo cha idadi na urefu, na leseni ni ya kila mmoja.

Vua glovu, lowesha mikono. Glovu kavu huondoa ute unaomlinda samaki dhidi ya maradhi. Mshike kwa taya la chini na umtegemeze tumboni kwa mkono wa pili. Samaki mkubwa akining'inizwa kwa taya peke yake huumia. Hewa ikiwa chini ya sifuri, matamvua na macho huanza kuganda upesi, kwa hiyo ndoana itolewe akiwa ndani ya wavu majini, picha iwe moja, kisha arudi. Kamera iwe tayari kabla hujamwinua.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kina. Kibofu cha hewa cha besi hakina mlango wa kutolea hewa haraka. Ukimtoa kwenye kina kirefu, hewa hutanuka, tumbo huvimba, na ukimwachia anaelea ubavu hadi afe. Ndiyo maana mimi sivui chini ya mita 9 au 10 kama nina nia ya kuwarudisha. Mkiona samaki wawili wamepata shida hiyo, hamieni kina kifupi, hata kama chini yenu sona imejaa. Kuna vifaa vya uzito vinavyomshusha samaki hadi kina chake na kumwachia huko. Kama ziwa lenu ni la kilindi, bebeni kimoja. Kumtoboa kwa sindano waachieni waliofundishwa.

Hatua ya 9: Ondokeni mwanga ungalipo

Jua huzama mapema, na joto huporomoka nalo. Wekeni saa ya kuondoka asubuhi mkiwa na akili tulivu, mkaifuate jioni hata kama samaki wameanza kula. Mteremko wa kushushia mashua huwa umeganda kutokana na maji yanayodondoka, basi mwaga mchanga kabla gari halijashuka, na wote watoke garini isipokuwa dereva.

Teremsheni injini wima hadi maji yote yatoke, la sivyo yataganda na kuipasua. Toeni plagi ya mashua, yaani kizibo cha tundu la kutolea maji. Futeni magugu yote yaliyonasa kwenye trela na mota, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuhamisha mmea mgeni au konokono hadi ziwa jingine. Anikeni mishipi na vyambo vikauke, ndoana zisishike kutu.

Kisha, kabla ya kuachana, mkiwa mmekaa ndani ya gari lenye joto, mmoja aandike kwenye daftari: joto la maji, mwelekeo wa upepo, kina cha kila samaki, chambo, sekunde za kusimama. Mwakani wiki kama hii, ukurasa huo ndio mtakaoufungua kwanza.